Mgono Ulioutega Majanini

Dada Skola,

Mvua zimeanza, na ule mtaro unaotoka kijitoni mpaka kwenye shimo la reli sasa una jina. Watu wanapaita Kwa Skola. Watu wazima na akili zao wanatega migono ya kunasia samaki kwenye majani, mbali kabisa na maji, na hakuna anayecheka. Jana jirani yetu alipita mlangoni na kambale sita, akaniambia nikushukuru. Nikakushukuru. Lakini moyoni, Skola, nilikuonea wivu.

Usishangae. Mwaka mzima sasa uko ardhini, na bado nakuonea wivu. Haukuanza kwenye matanga yako. Mimi na wivu huu tumekua pamoja.

Unajua ulikoanzia. Mjomba alisema ada ya shule ya misheni inatosha binti mmoja tu, akakuchagua wewe. Mimi nikabaki kufukuza ndege kwenye mtama na kubeba mtoto mgongoni. Ukirudi jioni Mama alikuwekea chakula chako kando, kimefunikwa, eti mwanafunzi amechoka. Na mimi je, niliyeshinda juani nikipiga debe? Ukafika darasa la nne, ukawa unangoja kwenda bweni, na mimi nilikuwa sijui hata kushika kalamu.

Ndipo ikaja ile alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na sisi wawili tulitumwa maji. Lile shimo lilichimbwa kwa mitambo ya Wazungu wa mradi wa karanga walipotafuta udongo wa tuta la reli, na kila mvua zilipoanza lilijaa maji, na baada ya siku chache lilikuwa na samaki. Wazee walikuwa na jibu lao: samaki wa shimoni hushuka na mvua. Basi, yakaisha.

Wewe ndiye uliyenishika mkono tusimame. Mbele yetu, kwenye majani ya ule mtaro kati ya kijito na shimo, kambale wanne walikuwa wanatembea. Sina neno jingine. Mmoja alitanua pezi la ubavuni, akauchomeka ule mwiba wake mgumu kwenye matope, akapinda mkia, akajisukuma, kisha pezi la upande wa pili. Walikwenda kama mtoto anayetambaa kwa viwiko. Nikamrukia wa mwisho. Pezi likasimama wima, likagoma kukunjika, na mwiba ukanizama katikati ya kiganja. Ulinyonya damu ukaitema, ukachana pindo la nguo yako ukanifunga, huku unacheka. Ukanikataza kumwambia mtu mpaka tuwe na hakika.

Hakika! Ndivyo ulivyokuwa. Ukamweka kambale mdogo kwenye beseni nyuma ya jiko, ukawa unamchungulia kila ukitoka shule. Ukaniambia kwenye maji mkia ndio unaomsukuma, ila yale mapezi ya ubavuni ndiyo breki yake na usukani wake, kama kwenye malori ya karanga. Akitaka kusimama huyatanua yote mawili. Akitaka kukata kona hutanua moja. Na akiwa nchi kavu ndiyo mikono yake. Nilikusikiliza nikatamani maneno hayo yangekuwa yangu. Tulitazama samaki mmoja, Skola. Kwa nini wewe uliona yote hayo na mimi nikaona kitoweo?

Kisha ukachukua mgono wa Mjomba bila kuomba, ukautega majanini, mdomo umeelekea kijitoni. Na mvua ikakatika siku hiyohiyo. Siku tisa za jua kali. Kuku wa jirani akataga ndani ya mgono. Watu walikuja hata kutoka upande wa Chiola kuutazama mgono wa nchi kavu, wakakupa jina la Mama Mgono.

Mjomba aliona aibu, na aibu ikawa hasira. Akatuita uani mbele ya watu wote wa nyumbani, akaniuliza mimi.

"Remija, wewe ulikuwa naye. Uliona samaki wanatembea?"

Kiganja changu kilikuwa bado kimevimba kama andazi. Nilikifumba.

"Sikuona kitu, Mjomba."

Sitasema niliogopa. Nilijua nasema nini. Nilitaka na wewe, siku moja tu, uonekane mjinga.

Ungeweza kumwambia anifumbue mkono. Ingetosha. Uliutazama ule mkono, ukanitazama mimi, ukainamisha kichwa. Ukasema, "Labda niliota." Mjomba akasema kama shule ndiyo inayofundisha uongo, basi imetosha. Bweni likaishia hapo uani.

Na ulifanya nini baada ya hapo? Ulinifundisha kusoma. Ulichukua kibao chako kilichobaki bila kazi, ukanikalisha jikoni, a, e, i, o, u, mpaka nikaweza. Kila herufi ya barua hii imetoka mkononi mwako. Nilikuchukia kwa hilo pia. Ungenipiga, tungekuwa sawa.

Ukaolewa Nkowe, ukarudi na kichomi, na siku ya nne ukatutoka. Asubuhi ile ulinishika mkono, kidole chako kikapita juu ya kovu langu, kikarudi, kikapita tena. Nilikuwa na la kusema, dada. Nilikuletea uji badala yake.

Mvua za kwanza za mwaka huu Mjomba aliamka mapema kuangalia mbegu zake. Alirudi ameloa, ana matope mpaka magotini. Alikuwa amewaona kambale wakitembea. Akakaa kwenye kizingiti, akasema mbele ya wote, "Skola alisema kweli." Akalia, yule mzee. Kisha akanigeukia kwa huruma, akasema mimi masikini nilikuwa mdogo, nilikuwa na usingizi, sikuona.

Niliona! Niliona sawasawa na wewe, na aliyechomwa na lile pezi ni mimi. Lakini siwezi kudai sehemu yangu bila kwanza kusema nilichokufanyia. Kwa hiyo nimenyamaza, na kila kambale anayepita mlangoni hapa anapita na jina lako.

Kesho baada ya misa tunakuwekea msalaba. Mjomba ameniomba nisome maneno machache, kwa kuwa hapa nyumbani msomaji ni mimi. Niliandika maneno mazuri, nikayachana. Nakuahidi nitasimama pale niseme tulikuwa wawili, wote tuliona, na mmoja wetu alisema uongo. Nitakifumbua kiganja Mjomba alione kovu kwa macho yake.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Nusu ya sababu ni kwamba nataka nusu yangu ya mtaro.

Lala salama, dada yangu. Wakinifukuza, nitakuja nikae hapo ulipo mpaka hasira zao zipoe. Wakinisamehe, watanisamehe kwa ajili yako, na hapo utakuwa umenishinda tena.

Mdogo wako,
Remija