Hongo ya Mama Nyemo

Tabora, 12 Februari 1954

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za Igalula, na mguu wako unaendeleaje? Sisi huku ni wazima, ila kazi imenizidi. Njaa ya Ugogo inawaleta watoto kwenye treni peke yao, na mapadre wamenipa mimi kazi ya kuwapokea na kuwatafutia walezi.

Huyu atakayekabidhiwa kwako na gadi wa treni ni Nyemo, Mgogo wa miaka kama minane. Mama yake alimpandisha treni akamwambia ashukie penye chakula. Nimekuchagua wewe kwa sababu kwako utani hauishi, na mtoto huyu tangu afike hajacheka. Nakuomba jambo moja: usimpe mtu yeyote bila barua yangu. Wapo wanaowachukua watoto hawa kwenda kuwatumikisha.

Binti yako,
Tekla


Igalula, 3 Julai 1954

Mwanangu Tekla,

Marahaba. Mguu unaniuma kukiwa na baridi tu, vinginevyo namshukuru Mungu. Nyemo amenenepa. Juzi alinitania eti sisi Wanyamwezi huzaliwa na mzigo kichwani. Nikamjibu kwamba babu zake waliwatoza babu zetu hongo hata kwa maji ya kunywa, walipopita kwao na misafara. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nisikilize hadi mwisho. Mwezi uliopita nilikuwa napura mtama na Bernadeta na Josepha, majirani zangu. Akaingia mwanamke wa Kigogo, miguu vumbi tupu. Stesheni walimwelekeza kwangu. Akasema, "Mmechukua mtoto wangu. Nipeni." Wagogo ni watani wetu, na unajua mtani akiingia hivyo inakuwaje. Tukaangua kicheko. Nikamwambia, "Babu zako walitutoza hongo, leo zamu yetu! Leta ng'ombe ndipo umpate mtoto." Akaanza kulia. Bernadeta akasema, "Mtani hodari huyu, ana mpaka machozi!" Yule mama akauliza, "Ng'ombe mmoja?" Nikasema, "Jike, tena asiye na kovu."

Tukampa unga na kuku, ada ya mtani. Nyemo alikuwa kisimani. Nilipogeuka, mama hayupo, na unga na kuku ameviacha kizingitini.

Mtani haachi kuku, Tekla. Nilijua palepale kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli. Ningeweza kumkimbilia, siku hiyo mguu haukuuma. Nilikaa. Nimemzoea mtoto, basi. Nyemo aliporudi akauliza kuku huyu ni wa nani, nikamwambia wetu. Tukamla. Naona aibu kuandika haya.

Shangazi yako,
Apolinaria


Tabora, 14 Julai 1954

Shangazi,

Shikamoo. Nilitaka kukulaumu nikashindwa. Ni mimi niliyesema usimpe mtu. Tena sikumuuliza Nyemo hata jina la mama yake. Kila alipomtaja alilia, nami nikamwambia asahau, atazoea. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na ndivyo nilivyoifanya.

Nimepeleka habari kila stesheni hadi Dodoma. Mwambie mtoto ukweli, nakusihi.

Binti yako,
Tekla


Tabora, 2 Desemba 1954

Shangazi,

Shikamoo. U mzima? Mbona kimya? Huko mashariki hakuna aliyemwona yule mama, na sijui tena pa kuuliza. Kila treni ikifika natazama wanawake miguu. Umemwambia Nyemo?

Binti yako,
Tekla


Igalula, 9 Machi 1955

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa nimemwambia.

Jumapili nilitoka kanisani na Bernadeta nikamkuta mama yake mlangoni, ameshika kamba ya mtamba mwekundu. Kumbe hakurudi kwao. Alikwenda Nzega, akamlimia na kumchungia mfugaji mmoja, Lugembe, mpaka akalipwa huyo mtamba. Akaniambia, "Jike. Hana kovu. Mtazame." Bernadeta alianza kucheka, akanyamaza mwenyewe.

Nilipiga magoti. Nikamwambia ulikuwa utani, mama, mchukue mtoto na ng'ombe wako. Akanijibu taratibu, "Nilijua ni utani. Lakini nililia na hamkuacha. Nikaona bora nilipe."

Nyemo akatoka na ndoo. Ilimponyoka mkononi, akamkimbilia mama yake. Akamuuliza mbona hakuja siku zote hizi. Mama akasema, "Nilikuja siku ya kupura mtama. Walinipa kuku, nikamwacha." Mtoto alifikiri kidogo, akanitazama. "Bibi, kumbe tulimla kuku wa mama."

 Niliwapikia, hawakula. Waliondoka na treni ya jioni, na mtamba wakamwacha amefungwa mlangoni kwangu.

Watu wakipita wananitania, "Hongo imelipwa, Apolinaria!" Mimi ndiye niliyewafundisha utani huo, na sasa siwezi kuusikia. Kesho kutwa nampandisha mtamba behewa la ng'ombe, nami naenda naye hadi Ugogo. Nyemo alishanitajia kijiji chao. Ukitaka kunikataza umechelewa.

Nitamfunga mtamba mlangoni kwa mama Nyemo na kusimama hapo. Akinitoza hongo ya maji, nitajua bado tu watani; nitalipa, niingie, nikae. Akinipa maji bila neno, nitayanywa nirudi nyumbani.

Shangazi yako,
Apolinaria