Kitenge Changu, Mkoba wa Rehema

Maskati

Mume wangu Baba Zaina,

Hujambo? Mama hajambo? Na magoti yake, yanamwacha alale? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu, ila moyo umevurugika, na mvurugaji ni wewe. Barua hii nimempa dada mmoja wa Mombo anayerudi nyumbani. Kwenye simu ningepiga kelele, na bosi wangu hapendi kelele.

Mama ndiye aliyenipa habari. Alifurahi hadi akalia: "Mwanangu, gongo ameacha! Anakwenda kusoma vitabu na wenzake walioacha pombe." Nikapiga vigelegele jikoni peke yangu. Kisha akaongeza kwamba msomaji wenu ni Rehema, yule mjane aliyetoka Kwedizinga akahamia hapo Kwamndolwa, na kwamba mwanzoni mikono yako ilitetemeka hata kitabu hukuweza kukishika, akawa anakushikia yeye. Hapo vigelegele vikanikauka.

Eti kitabu kinasema ulevi ni ugonjwa, na mgonjwa asione haya kutafuta msaada. Loo! Mimi nilikwambia nini miaka yote ile? Sikusema, "Baba Zaina, unaumwa, twende hospitali"? Ukanijibu nakuchuria. Kumbe maneno yangu yalingoja yachapwe, yasomwe na mwanamke mwingine, ndipo yakuingie.

Ningenyamaza. Lakini juzi Zaina kanitumia picha ya mkoba wa vitabu, mshono umenyooka. "Mama, baba ameanza kushona tena! Huu kamshonea mama Rehema." Wewe fundi, tangu tuoane, kila cherehani uliyopata, nguo ya kwanza ilikuwa yangu. Hata ile mbovu ya mkono ilianza na gauni langu. Leo mikono imetulia, cha kwanza unamshonea jirani! Tena kitambaa nimekitambua. Ni kitenge changu cha maua ya njano, nilichokiacha sandukuni.

Nina wivu, Baba Zaina, mpaka chakula hakishuki. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mbona nimevumilia mimi, mbivu anamenyewa Rehema?

Lakini usiache kusoma. Nikisikia umerudia gongo kwa ajili ya maneno yangu haya, utanikoma. Kiazime hicho kitabu. Ijumaa ninapumzika, nipigie, ukishike mwenyewe, unisomee tangu mwanzo. Nataka kuisikia sauti yako isiyo na pombe. Sijaisikia tangu Zaina anajifunza kutembea.

Msalimie mama, na shangazi yako wa Mkumbara anayetutunzia mahindi. Zaina mwambie namkumbuka mno. Rehema naye msalimie, kwa ufupi, umwambie ahsante. Mkoba akae nao.

Ila kitenge kilichobaki usikikate kwa vipimo vya zamani. Huku nimekonda. Ningoje, unipime upya.

Mkeo,
Mama Zaina