Osaka Walikuita Wewe

Furaha rafiki yangu,

Chumbani mwako hapa Troyeville, mtaa wetu wa ugenini, sasa analala dada mmoja wa Kizulu, mlinzi wa duka. Ni mtu mwema, ila hatuna mazungumzo. Juzi kabla ya kula nilisema "itadakimasu" kama tulivyozoea, akaniuliza kama hiyo ni dua. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba mimi wa Tanga na wewe wa Bukavu tulikuwa tukijifunza Kijapani juu ya sahani ya ugali, ili tupate kazi ya kompyuta Japani.

Furaha, walikuchukua. Ile kampuni ya Osaka uliyofanya nayo usaili kwa video, huku ukikohoa na kuniambia ni vumbi tu. Homa ya mapafu ilikuwahi. Barua pepe yao iliingia tukiwa tumeshakuzika, na simu yako ninayo mimi.

Ilibidi niwajibu. Nilikaa mezani mchana kutwa nikitafuta namna ya kusema kwa adabu kwamba umefariki. Tulikuwa tumejifunza kuomba radhi kwa kuchelewa, kuomba ruhusa, kueleza hitilafu kwenye programu. Hili hatukulifikia. Nikaandika sentensi fupi, nikalia, nikaituma.

Mama mmoja wa ofisi ile alinipa pole. Baadaye akaniuliza, "Na wewe unafanya kazi hii hii?" Nilikasirika. Niliona anataka kunikalisha kwenye kiti chako hata hakijapoa. Nikamjibu hapana.

Nikahangaika kwingine peke yangu. Kampuni moja ilisifu programu zangu, lakini wakasema Kijapani changu hakitoshi kwa mikutano yao. Nyingine walinikatiza nilipoanza kubabaika. Zamani ningegeuka nikuone umejibanza mlangoni, kamera isikuone, ukininong'oneza, "Sema polepole tu, batasikia." Siku hiyo niligeuka nikaona mlango tu.

Mwishowe nilimpigia mama yako Bukavu, nikamweleza yote. Akasema, "Mwana wangu, Furaha alikuwa anasemaka mutaenda babili. Wende." Wawili, wewe na mimi.

Basi nikamwandikia yule mama wa Osaka, nikamwambia kwa nini nilikataa. Wakanifanyia usaili wangu mwenyewe. Wamenichukua, si kwa nafasi yako, ni kwa ya chini yake, kukagua programu za wengine. Viza imetoka. Naondoka wiki ijayo.

Nikipata habari njema huwa naanza kukuita kabla sijakumbuka. Safari hii nilikuita kwa sauti, yule dada akatoka chumbani kuangalia kuna nini.

Naogopa. Hapa nikipita Jules Street angalau nasikia watu wakigombana kwa Kiswahili, moyo unatulia. Kule sitakuwa na hata hao. Na wewe nakuacha huku, mbali na kwenu, na mbali na mimi. Kaburi lako atalipalilia Mama Aline wa saluni, nimempeleka, nimemwonyesha.

Mama yako nitampigia kila Jumapili, hata nikiwa sina la kusimulia. Hilo nakuahidi. Ameshaanza kuniuliza kama kule kuna baridi, na kama nina sweta.

Lala salama, rafiki yangu.

Mwanahawa wako