Jina Langu Katika Kitabu cha Kanisa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepona nawe umesharudi kwenye meza yako ya ukatibu wa kanisa, maana najua bila wewe hata ubatizo hauandikwi. Mimi huku Durban ni mzima, ila tumbili wa chuoni bado wananiibia ndizi dirishani.

Uliniuliza kwa simu nasoma nini miaka yote hii. Nasoma maisha ya mtawa mmoja wa Ulaya wa karne nyingi zilizopita. Alikuwa mtu wa kanisa kama wewe, mwenye funguo za kabati la vitabu, anaandika kila kitu: mavuno, njaa, askofu kaja, askofu kaondoka. Wiki iliyopita, katika picha za kitabu chake, nilifika alipoandika kwamba ndugu yake wa tumbo moja amefukuzwa utawani kwa aibu. Mstari mmoja tu, mwandiko uleule. Nilifunga kompyuta nikaenda kusukwa.

Mama Furaha, Mkongo anayenisuka, akaniona nalia kwenye kiti chake, nikamsimulia habari za mtawa.

"Eish! Mutu alikufa zamani vile, weye unamulilia nini? Tuliza kichwa!"

Sikuwa namlilia mtawa. Baba, nilikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya Neema, nimesimama mbele ya wazee wa kanisa, nawe katibu ukaandika: "Ametengwa." Uliandika polepole, kwa ule mwandiko wako mzuri, wala hukuinua macho. Waliponirudisha kundini mwaka uliofuata, sikutazama kama uliandika. Nilikuwa nimekukasirikia, na hasira hiyo nimekuja nayo mpaka huku.

Jana niliirudia picha ya ukurasa ule, nikaikuza. Pembeni, kwa mkono wa mzee unaotetemeka, mtawa yuleyule ameongeza: "Ndugu yangu amerudi. Tumekula pamoja." Kumbe miaka yote alikuwa akiufungua ukurasa ule. Nikajiuliza kama nawe huwa unaufungua wetu.

Nisalimie Mama, na shangazi anayekukanda mguu, na Neema. Mwambie viatu vya shule nimevipata, asiendelee kukua kabla sijafika.

Nakuja Desemba. Kitabu kiko kabatini na funguo unazo. Kifungue, utazame. Kama pembeni pa jina langu bado ni peupe, usiandike kwanza. Ningoje nikae karibu nawe, uandike, halafu uinue macho.

Binti yako,
Mkamburi