Mlombwa Haukuwa na Kosa

Alhamisi jioni, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Joto la leo halina adabu, na mvua inatuchungulia tu kutoka mbali. Nimechoka, mikono inanuka spiriti, na sijutii hata kidogo.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Furaha, wa Bukavu. Kabla vita havijatufukuza nilikuwa laborantine, mtu wa maabara. Miaka sita nilitoa kwinini kwenye magome ya mti wa kinkina. Diploma yangu iliungua pamoja na nyumba. Sasa nadeki na kuosha chupa kwenye maabara moja ya Lilongwe.

Pale wana mashine mpya. Unajaza mti uliosagwa kwenye kikopo cha chuma, mashine inasukuma humo spiriti ya moto mkali, na mgandamizo unaizuia isichemke. Dakika chache tu, inatoka imebeba dawa iliyokuwa ndani ya mti. Sisi Bukavu tulikuwa tunangoja kutwa nzima. Nilipoiona mara ya kwanza nilishikwa na wivu.

Wiki hii walikuwa wanahangaika na mlombwa, mti ambao wengine wanauita mninga. Kila wakiwasha, mashine inaziba na kujizima. Leo asubuhi Dokta Mbewe, mkuu wa maabara, akasema mti huu hauna kitu, utupwe, kazi ifungwe.

Mimi kosa nililiona tangu Jumatatu, nikanyamaza. Naungama. Ruhusa yangu ya kutoka kambini inategemea kazi ile, nikaogopa kufukuzwa.

Kosa lenyewe ni hili. Limbani, mwanafunzi wa Dokta, aliupeleka mti chigayo, kwenye mashine ya mahindi, wakausaga kama unga wa nsima, ugali wa huku. Laini, mzuri, wa kupikia wageni! Unga wa hivyo ukilowa na kukandamizwa unashikana, hakuna kinachopita.

Leo nikafungua mdomo. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikamwambia Dokta kwamba mti hauna kosa, kosa ni la kusaga. Akaniuliza kama nimemaliza sakafu.

Sijamaliza, nikajibu, na sitaimaliza kabla hujanipa kikopo kimoja.

Akanisukumia kimoja. Maji nilishayavulia nguo. Nikachukua kipande cha mti kilichobaki, nikakitwanga mwenyewe, nikachekecha vumbi lote likatoka, zikabaki chenga. Nikazichanganya na mchanga safi uliooshwa ili spiriti ipate njia.

Mashine haikujizima. Chupani ikashuka spiriti nyekundu, nzito, ikanuka mti mpaka mlangoni.

Nilitaka kulia, nikakataa.

Dokta akasema zikomo, asante ya huku. Kisha akafungua daftari la maabara, na mahali pa aliyefanya kazi akaandika jina la Limbani. Limbani mwenyewe akatazama viatu vyake.

Zikomo! Kama vile nimempisha njia.

Nikachukua kalamu. Nikakata jina lile, nikaandika langu lote, na mwisho wake neno laborantine. Dokta akasema bila diploma neno hilo haliwezi kukaa pale. Nikamwambia nyumba iliungua, kichwa changu hakikuungua. Kama nimeandika uongo, alifute yeye mwenyewe mbele yangu. Alishika kalamu, akaiweka mezani, akatoka.

Dada yangu, ambaye anashona nguo za watu hapa nyumbani, amenisikiliza mpaka mwisho akaacha cherehani. "Furaha, we uko na kichwa nguvu! Bakikufukuza kule, batoto betu batakula nini?"

Anasema kweli, na mimi pia nimefanya kweli. Miaka yote hii nimekuwa nashukuru kwa kila kitu, hata kwa kutoonekana.

Kesho nitapanda basi la kwanza kwenda Lilongwe, nifungue lile daftari kabla sijagusa kitu kingine. Nikikuta Dokta amelifuta jina langu, nitaliandika tena.