Spana ya Baba Mkwe na Vinyunyizi Vitano

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, mimi ni fundi bomba katika kiwanda cha kushona magunia hapa Kibaha, na mwezi uliopita nilipewa kazi ya kubadilisha vinyunyizi vya darini, vile vinavyomwaga maji pakizuka moto, na kazi yote niliifanya kwa spana niliyokabidhiwa na baba mkwe wangu, Mzee Mwinyimadi wa Chole, Kisarawe, mbele ya wazee siku ya nikaha, naye alikuwa fundi bomba miaka thelathini na kila nikienda kumsalimu, kabla hata ya kuitikia shikamoo yangu, huuliza spana haijambo, nami hujibu haijambo, lakini ukweli meno yake yamelika na mdomo umepanuka, ikabidi niichomekee kipande cha kopo la maziwa ili ishike. Kwenye vinyunyizi vitano iliteleza ikapinda vikono vinavyoshika kile kichupa cha kioo kinachopasuka kwa joto ili maji yatoke, nami nikaviacha hivyo hivyo ingawa vipya vichache vimebaki, na sasa sijui kama moto ukizuka vitafunguka. Stoo kuna spana mpya moja, ila Leodegar mtunza stoo hatoi kifaa kipya mpaka umkabidhi kibovu, hata kama ni chako mwenyewe, na vibovu hupelekwa kuyeyushwa, sasa baba mkwe nitamwambia nini? Mke wangu Mwamvita alikuwa anashona chini ya vinyunyizi hivyo, nikamwombea kwa msimamizi ahamishiwe dirishani, na hapo nikapata usingizi kidogo. Nifanye nini?

Wako,
Maneno, Kibaha

Ndugu Maneno,

Pole kwa spana. Chuma hulika, na mtu aliyeshika spana miaka thelathini analijua hilo kuliko wewe na mimi. Unamdanganya fundi kuhusu chuma!

Lakini kilichoniudhi ni cherehani ya Mwamvita. Ulipomhamisha mkeo ulikuwa umeshajijibu. Kiti chake hakikubaki kitupu, Maneno. Aliyekikalia kosa lake ni kutoolewa na fundi bomba?

Sasa sikia. Kesho asubuhi mweleze msimamizi ukweli, watu watolewe chini ya vile vitano. Spana ikabidhi stoo, chukua mpya, funga maji, ng'oa vyote vitano, weka vipya, na usijaribu kuvinyoosha vya zamani kwa nyundo, maana nawajua mafundi. Jumapili nenda Chole. Akikuuliza, sema, "Spana imechoka, baba, nimeikabidhi stoo." Akikasirika, na akasirike, hasira ya mkwe haiunguzi mtu.

Kama hayo ni mazito kwako, lipo jepesi: mrudishe Mwamvita kwenye cherehani yake ya zamani, kisha niandikie kama umelala.