Nyumba ya Mkwe Ambaye Hajakuja

Jumanne, 6 Agosti 2024

Nimefika Arua. Taksi kutoka Koboko ilijaa, miguu imevimba. Binti yangu Concy amekonda tangu ajifungue! Mtoto ni msichana, nywele nyingi. Nimemshika hapa hapa veranda. Ndani siingii. Dramadri amekaa na binti yangu miaka miwili, na bado hajaleta watu wake kwetu Koboko kutoa mahari. Nyumba ya mkwe kama huyo, mama haingii.

Concy anacheka: “Mama, hiyo ni ya kijijini. Hapa town tunakaa tu.”

Tunakaa tu!

Nalala kwa Viktoria, jirani yao, anauza mandazi.

Alhamisi, 8 Agosti

Concy anarudi saluni Jumatatu. Mtoto hata mwezi hana! Anasema bosi amekwisha weka msichana mwingine kwa kiti chake.

Baba yake Concy amepiga simu. Mjukuu hakuuliza. “Umeingia?” Nikasema sijaingia. “Ukiingia, umewapa binti bure. Watakuja kwetu kufanya nini tena?”

Dramadri akinikuta hapa nje anapita pembeni, macho chini. Anajua mkwe hamkaribii mama mkwe! Mutu wa adabu hivi — mbona haji?

Jumatatu, 12 Agosti

Concy amekwenda kazi. Mimi na mtoto, veranda. Viktoria amefunga kwake, amekwenda soko ya Inde.

Mvua imekuja na upepo, inapiga veranda mpaka ukutani. Nimefunika mtoto na kitenge, kikalowa. Akaanza kutetemeka. Nikasema, Mungu, unaona.

Nimeingia.

Kitanda. Jiko la mkaa. Viatu vya mwanamume. Nimekaa chini kwa mkeka, nimeangalia ukuta kama mwizi. Mtoto amepata joto, amelala.

Halafu pikipiki inasukumwa nje — Dramadri! Amefungua pazia, ameniona, ameruka nyuma kama amekanyaga nyoka. “Mama, samahani! Samahani sana!”

Samahani ya nini, mwanangu? Nyumba ni yako.

Sasa yeye iko nje, mvua inampiga. Namsikia anakohoa. Nimesema kupitia pazia: nenda kwa rafiki yako. Anasema mafuta imeisha, amesukuma pikipiki kutoka barabarani. Nikasema basi, njoo Koboko na wazee wako, hata Jumapili hii.

Namsikia anajibana mlangoni. Mvua tu.

Nataka kutoka, aingie akauke. Lakini nitampita wapi? Hii chumba iko na mlango moja tu, na yeye amesimama hapo.